Mvua ya saa tisa usiku

Juzi mvua iliponyesha niliamka kama kawaida yangu. Nikashuka ngazi bila kuwasha taa, nikasimama kwenye mlango wa nyuma, nikachungulia kibarazani. Hapakuwa na kitu. Vyungu vyote vilikuwa ndani, na nilijua viko ndani, kwa sababu niliviingiza mwenyewe jioni, kimoja kimoja. Niliporudi nikamkuta binti yangu amekaa kwenye ngazi, amekumbatia magoti.

"Baba, kwa nini mvua ikinyesha usiku lazima uamke?"

Nikamwambia akalale. Asubuhi akauliza tena, mswaki mdomoni. Alikuwa na miaka 2 wakati ule, hakumbuki chochote.

Mwaka ule Mama alikuwa ameshakaa nasi miezi saba. Alikuwa halalamiki, na hilo ndilo lililokuwa likinitia hofu. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, shuka mabegani, akiangalia mawingu na manyunyu, siku baada ya siku. Ukimuuliza anataka nini, anasema hataki kitu. Mwezi wa pili nikamletea pakiti mbili za mbegu, moja ya pilipili mbuzi na nyingine ya pilipili kichaa, bila kufikiria sana; nilikuwa nimeziona nikazichukua tu. Akaigeuzageuza ile ya pilipili mbuzi, akaitikisa karibu na sikio.

"Hizi hapa hazioti, baba," akasema. Akanyamaza kidogo. "Labda tuzitafutie joto."

Zilikuwa siku nyingi sijamsikia akisema "tu".

Mbegu ya pilipili haitaki mchezo. Inataka udongo wenye joto la nyuzi 25 mpaka 30, na sebule yetu mwezi ule ilikuwa ikikaa kwenye nyuzi 17. Tukaiweka sinia ya mbegu juu ya friji, upande wa nyuma ambako hewa ya moto inapanda, tukaifunika kwa nailoni. Pilipili mbuzi zilianza kutokeza siku ya 15. Pilipili kichaa zilikaa kimya mpaka siku ya 23, mimi nimeshakata tamaa, Mama bado anafunua nailoni kila asubuhi na kuinama kutazama. Siku ile aliniita kabla sijavaa viatu. Alikuwa anaonyesha kwa kidole kitu kilichopinda kama kulabu, kidogo kuliko kucha ya mtoto, kikivuta kichwa chake kutoka udongoni.

Niliua miche tisa kwa maji. Nilikuwa nawahi kumwagilia kila nipitapo, na kwenye nyumba yenye baridi udongo haukauki. Shina likawa jembamba kama uzi pale linapotokea udongoni, mche ukalala, jirani yake ukafuata. Wakulima wanakiita kinyausi, na kikishaingia kwenye sinia hakina dawa ya kuufufua mche uliolala. Mama hakunigombeza. Alichomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha kwanza, akakitoa, akanionyesha: kikitoka na udongo umeshikamana nacho, acha, kikitoka kikavu, mwagilia. Tangu siku hiyo sijamwagilia kwa macho.

Na kila asubuhi alipitisha kiganja juu ya vichwa vya miche, kwenda na kurudi, taratibu, kama mtu anayepangusa unga mezani. Nilidhani anaibembeleza tu. Baadaye nikaja kusoma kwamba mche unaotikiswa, na upepo au na mkono, hukua mfupi na kunenepa shina, na ule wa ndani usioguswa hurefuka ukaanguka. Mama hakuwahi kunieleza hivyo. Alikuwa anajua mkono wake unafanya nini.

Kufikia mwezi wa tano tulikuwa na vyungu 14. Majani ya kijani kibichi yanayong'aa, mashina yanayosimama yenyewe. Ilikuwa zamu ya kuizoesha nje. Mche uliolelewa dirishani haujui jua kali wala upepo. Unautoa kwa muda wa saa moja siku ya kwanza, kwa saa mbili siku ya pili, unaurudisha ndani, na hivyo hivyo kwa siku 7 mpaka 10. Nasi tulikuwa siku ya nne.

Siku ya nne jua likawaka. Baada ya wiki nzima ya mvua, mbingu nyeupe pe, nyuzi 21, watu wametoka na mikono mifupi. Nilirudi kutoka kazini nikavitoa vyungu vyote 14, nikavipanga kibarazani, na jioni ilipofika nikasema vilale huko huko.

Mama akasema, "Bado. Jua la leo lisikudanganye."

Nikamwambia utabiri unasema usiku hautashuka chini ya nyuzi 12. Akasema tena bado. Nami nilikuwa nimechoka, nikamjibu kitu ambacho sikuwahi kumjibu maishani mwangu: "Mama, hali ya hewa ya hapa mimi ndiye ninayeijua."

"Haya," akasema.

Akaenda kulala mapema.

Niliamka saa tisa usiku. Si mvua iliyoniamsha. Ilikuwa baridi, hewa iliyokuwa ikipanda ngazi kutoka chini, kama kuna dirisha limeachwa wazi. Ndipo nikaisikia mvua, ile nzito isiyo na radi, inayomiminika bila kupumzika. Nikashuka nikikimbia.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kabisa. Taa ya jikoni haikuwaka, ila ile ndogo ya ukutani kibarazani ilikuwa inawaka, na chini ya mwanga wake nikamwona Mama. Amevaa gauni la kulalia na kandambili. Gauni limelowa chapachapa, limegandamana mgongoni mpaka nikaona mifupa ya mabega yake, na sikuwa najua kwamba amekonda vile. Blanketi lake, lile la kitandani kwake, alikuwa amelitandaza juu ya vyungu vya upande wa ukuta na kulikandamiza kwa viti viwili. Vilivyobaki alikuwa anavibeba. Alikumbatia chungu kimoja kifuani, kidevu kimekaa juu ya majani kuyakinga, akawa anakuja kuelekea mlangoni hatua ndogo ndogo, anatafuta kwa unyayo pale kwenye kingo ya kibaraza panapoteleza.

"Mama!"

"Usipige kelele, mtoto amelala," akasema. "Chukua vya upande ule."

Nikachukua vya upande ule. Chungu cha udongo kilicholowa ni kizito kuliko unavyodhani, na kina baridi inayouma mpaka kwenye kiwiko. Maji yalikuwa yanatoka kwenye matundu ya chini, yanateremka ndani ya mikono ya nguo yangu. Majani yalinigandia shingoni. Na kuna harufu, ile ya jani la pilipili lililokunjika, ya kijani, kali kidogo, yenye uchungu, haifanani na harufu ya tunda lake hata kidogo. Harufu hiyo na ya udongo uliolowa. Tulipishana mlangoni bila kusema neno, yeye akiingia mimi nikitoka, mara tatu, mara nne. Nilimwambia aketi, aniachie. Hakuketi. Kipimajoto cha ukutani, nilikiangalia nikiwa na chungu cha mwisho mkononi, kilikuwa kinasoma nyuzi 5.

Tukafunga mlango. Vyungu 14 vimejaa sakafu ya jikoni, maji yanatambaa kuelekea kwenye kabati. Nikamletea taulo na shuka kavu. Akajifunika shuka, na lile taulo akaanza kufutia majani. Aliketi chini kabisa, katikati ya vyungu, akaweka kila jani kwenye kiganja na kulifuta juu, akaligeuza, akalifuta chini, kisha linalofuata. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Majani yalikuwa hayatetemeki, yalikuwa yamelegea.

Nikachuchumaa karibu yake. "Kwa nini hukuniamsha, Mama?"

Hakuinua macho. "Nilikuita," akasema. "Ulikuwa na usingizi."

Ni hilo tu. Hakulirudia tena, wala siku nyingine yoyote.

Yaliyofuata naweza kuyasema haraka. Asubuhi majani mengi yalikuwa yamegeuka rangi, ya kijani cheusi kama yaliyochemshwa, na mabaka ya maji. Pilipili asili yake ni nchi za joto za Amerika. Si lazima barafu idondoke ndipo iumie, hata usiku mmoja wa chini ya nyuzi 10 unaweza kuidhuru. Sita zilikufa ndani ya wiki. Nilitaka kuzipa mbolea zilizobaki ili zipate nguvu, Mama akakataa: mmea ulioumia usiulishe, uache kwanza ushike pumzi. Tukaziweka mbali na jua la moja kwa moja, udongo ukiwa na unyevu kidogo tu. Baada ya siku kumi na kitu, kwenye mashina manane yaliyobaki, vikonyo vipya vikatokeza kwenye makwapa ya majani.

Kikohozi cha Mama kilikaa wiki tatu. Daktari alisema ni virusi, si mvua, na kwamba mtoto alikuwa na mafua wiki ileile. Mke wangu aliniambia hivyo hivyo, zaidi ya mara moja, kwa upole. Nimeelewa. Ninajua mafua yanasababishwa na nini.

Zile nane hatukuzitoa tena kulala nje. Zilikaa dirishani kwenye kiti cha Mama, yaani Mama akasogeza kiti chake pembeni zikae. Zilipotoa maua, mengi yalidondoka, kwa kuwa usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi ua la pilipili halishiki, na hata ndani ya nyumba kioo cha dirisha kilikuwa cha baridi. Tukazisogeza mbali na kioo kila jioni. Ua la pilipili linajichavusha lenyewe, lakini ndani hakuna upepo wa kulitikisa, na hewa yenye unyevu hufanya chavua kugandamana. Basi Mama akawa anagonga shina kwa penseli, saa sita mchana hewa ikiwa kavu zaidi, tak tak tak, ua kwa ua. Binti yangu alijifunza kuhesabu mpaka nane hapo.

Siku hizi ningeanza na rokoto. Ni pilipili ya milima ya Andes, ina mbegu nyeusi na majani yenye vinyweleo, na inavumilia usiku wa baridi kuliko hizi nyingine, ingawa barafu haiiwezi nayo. Ninayo miwili. Lakini wakati ule sikuijua, na sidhani kama Mama angeitaka. Alikuwa anataka pilipili mbuzi, kwa harufu yake.

Ya kwanza iliiva mwezi wa kumi. Ilikaa ya kijani wiki nyingi mno, halafu ikageuka ndani ya siku nne. Mama aliikata kwa kisu kidogo, akaifungua mbele yetu, akatuonyesha ile nyama nyeupe inayoshika mbegu. Huko ndiko ukali unakokaa, wala si kwenye mbegu kama watu wanavyosema. Mbegu zinauokota hapo kwa kugusana nayo. Akakata kipande chembamba kama ukucha akaweka ulimini. Akafumba macho. Machozi yakatoka, akayaacha yateremke, na akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ahamie kwetu.

Mmoja wa ile minane bado upo. Watu wengi wanadhani pilipili ni ya msimu mmoja. Baridi ndiyo inayoiua, si umri. Kila mwaka majira yakibadilika naipogoa mpaka kwenye uma wa kwanza wa shina, nabakiza fimbo tupu, naipa maji kwa nadra, nayo inalala dirishani mpaka siku zirefuke. Mwaka huu ni wa nne. Shina lake la chini limekuwa gumu kama mti, na lina kovu upande mmoja, la usiku ule.

Mama hayupo. Kiti kipo.

Asubuhi ile, binti yangu alipomaliza kupiga mswaki, nilimwambia ukweli kadiri nilivyoweza. Nikamwambia kuna usiku mvua ilinyesha, Bibi yako akaniita, na mimi sikusikia.

Akafikiri.

"Aliita kwa sauti kubwa?"

"Sijui, mwanangu."

"Au aliita polepole ili nisiamke mimi?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Miaka minne, sikuwahi kuliwaza. Alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta soksi zake, nami nikabaki pale na taulo lake mkononi. Leo utabiri unasema nyuzi 7 na mvua baada ya saa sita usiku. Vyungu nimeshaviingiza.