Fuata kunguru, angalia maji: Jumamosi ya ndege hapa hapa Tanga

Kuna watu ukiwaambia unapenda kuangalia ndege wanajua lazima upande gari mpaka Saadani, au upande Amani juu huko ukahangaike na chozi, kale kandege ka kunyonya maua, ambaye hata jina kapewa la Amani yenyewe. Sikatai, Amani ni Amani. Ila mi nakaa Chumbageni, nauli ya kila wiki sina, na nawaambia kweli humu humu mjini ukishajua vitu viwili tu, kelele za kunguru na saa za maji, siku inajaa mpaka jioni unasahau kula.

Tuanze na kunguru maana ndio wababe wa mji. Siwapendi kabisa. Hawa wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, waliletwa Zanzibar toka India kwenye miaka ya 1890, enzi za Waingereza, eti waje kusafisha taka, basi wakasafisha taka, wakasafisha na mayai ya ndege wengine, na vifaranga vya mama, na sabuni ikiachwa kwenye beseni wanaondoka nayo, halafu wakavuka bahari wakajaa pwani nzima. Yule kunguru wetu wa asili mwenye fulana nyeupe kumwona mjini siku hizi ni mpaka ubahatike. Lakini wana faida yao moja. Wanachukia kila chenye makucha. Kipanga akitua, kenge akikatiza, paka akipanda mti, wanaitana wote wanapiga kelele mtaa mzima ujue, kwa hiyo mimi nimewaajiri bila mshahara.

Jumamosi nimeamka saa kumi na mbili, chai bado, nikakaa uani na darubini yangu ya mtumba niliyoipata Mgandini (lensi moja ina mkwaruzo, nimeshaizoea). Kwa jirani kuna mnazi umejaa viota vya mnana, na pale unaweza kumaliza saa nzima bila kutikisika. Dume ndiye anayejenga. Anachana jani la mnazi, anapata uzi mrefu wa kijani, anarudi nao unapepea nyuma yake, anaanza kusuka kichwa chini miguu juu. Akimaliza anajitundika mlangoni anapigapiga mabawa na kelele kibao, njoo uone, njoo uone. Jike anakuja, anaingia, anavutavuta nyuzi mbili tatu, anatoka anaenda zake. Jamaa hakati tamaa. Kiota kikishakauka kikawa cha kahawia majike hawakitaki tena, wao wanataka kibichi, ndo maana chini ya ule mnazi kila siku kuna viota vimedondoka na jirani anafagia huku ananung'unika. Nilimwona mmoja anabomoa mwenyewe nyumba yake, anakata nyuzi moja moja anatupa, na palepale akaanza upya. Fundi wa hivyo ukimpata wa nyumba ya binadamu unishtue.

Chozi walikuwepo kwenye maua, shorewanda walikuwepo kwenye mpapai, hao ni wa kila siku, wanajijua.

Saa moja na nusu nikasikia kunguru wamechachamaa upande wa kule kwenye majengo ya zamani ya Mjerumani. Nikachukua baiskeli. Nilipofika nikakuta wamejipanga juu ya paa moja bovu wote wanatukana tundu moja chini ya mabati, na mlinzi, mzee wa makamo ya babu yangu, kakaa kwenye kiti cha plastiki hana habari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umepoteza nini huko juu?"

"Naangalia kunguru wanamgombeza nani."

"Bundi huyo. Achana naye, si ndege wa kutazamwa asubuhi asubuhi. Akilia usiku ujue kuna msiba."

Nikamuuliza panya je, wapo hapo kwenye stoo? Akacheka. "Panya hakuna. Ukweli lazima usemwe."

Akaniruhusu nizunguke nyuma. Bundi mwenyewe nilimwona robo tu, uso mweupe umechongoka chini, macho meusi, anajibana kwenye kona asionwe na wale wahuni. Ila chini ya tundu ndo kulikuwa na mali. Huyu ndege anameza panya mzima mzima, halafu nyama ikishaisha tumboni anatema yale yasiyosagika, donge jeusi la manyoya limeshikana, saizi ya kidole gumba. Nikaokota moja lililokauka nikalipasua na kijiti, babu naye kaja kuchungulia ingawa alisema havitazamwi. Ndani kulikuwa na fuvu la panya zima kabisa, halijavunjika, na meno yake ya mbele bado yana ile rangi ya chungwa, na taya pembeni, na vijifupa vya mbavu vyembamba vinakatika ukivipumulia. Babu akasema "kumbe," akanyamaza, akaenda kumfukuza kunguru mmoja kwa kokoto. Hiyo ilinifurahisha kuliko bundi mwenyewe.

Sasa maji. Ilikuwa bamvua, zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana, na Tanga bamvua ikiwa imekaa sawa maji yanapwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, ukienda saa nane unakuta bahari imejaa mpaka kwenye mikoko na ndege wote wametawanyika, utarudi unasema Sahare hakuna kitu. Watu wanauliza niende saa ngapi, mi nawaambia muulize mvuvi, usiangalie saa ya ukutani.

Nilifika Sahare ufukweni kina mama wameshatangulia mbali huko wanachokoa pweza na kuokota chaza. Kwenye tope karibu na mikoko kulikuwa na kaa wadogo wengi ajabu, madume yana gando moja kubwa jekundu na jingine dogo la kulia chakula, wanapunga lile kubwa juu chini kuita majike, na ukisogea hatua moja wote wanazama mashimoni kwa mpigo. Ukikaa kimya dakika chache wanarudi. Na vile visamaki vinavyoruka juu ya tope kama vimesahau kwamba ni samaki. Mdiria kwenye tawi la mkoko anavizia hao hao.

Mbele zaidi vitwitwi wa kila aina, wakubwa kwa wadogo, wengine midomo imepinda chini wanachomeka tope hadi machoni. Hawa wageni, wanazaliana kaskazini ya mbali huko, mpaka Siberia, wanakuja kukimbia baridi. Tunasema Tanga waja leo waondoka leo, ila hawa wanakuja mwezi wa tisa wanaondoka mwezi wa nne, wamezidi wapangaji. Dandala wa pwani nao walikuwepo, mmoja mweupe pee na mwingine wa kijivu cha mkaa wanatembea pamoja, na usidanganyike, ni jamii moja, rangi tu.

Niliyekuwa namtaka mimi ni yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene mweusi, anayekula kaa. Anatokea pande za Uarabuni na Ghuba, na ndiye pekee katika ndugu zake hawa wa ufukweni anayechimba handaki kwenye mchanga akataga humo, yai moja, jeupe, joto la mchanga linamsaidia kuliatamia. Jumamosi sikumpata. Kijana mmoja wa ngalawa akaniambia "braza hao wapo, ila nenda Mwambani huko au Kigombe." Kigombe ndo ndani ya ile hifadhi ya silikanti ya mwaka 2009, yule samaki aliyedhaniwa katoweka zamani za kale mpaka akavuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Anakaa kina kirefu sana kule, kwa hiyo ukimwona kwa darubini ya Mgandini nipigie simu.

Saa sita jua limekuwa kali nikakimbilia mbaazi na maandazi. Alasiri dudumizi akaanza kuita huko vichakani, ile sauti yake ya maji yanamiminika toka kwenye chupa, watu wakaanza kuanua nguo, na mvua ikaja kweli, ingawa mwezi wa kumi na moja hata mimi ningetabiri.

Bamvua ijayo naenda Kigombe na binamu yangu, tunaondoka alfajiri na daladala ya kwanza. Anayetaka kuja aje na maji ya kunywa na avae viatu vya kufunga, si ndala, chaza wa kule wanakata mguu vibaya sana.