Nilisoma saikolojia nikae na wagonjwa, kilichonilisha ni somo nililofeli nikapata sapu, mtihani wa marudio

Niseme tu ukweli, niliingia saikolojia nikiwa na picha moja kichwani, viti viwili, mtu anamwaga yaliyomjaa moyoni na mimi nasikiliza natikisa kichwa. Mwaka wa tatu nasoma tangazo la kazi la unasihi ndo nashtuka, wanataka masta, masaa ya mazoezi chini ya msimamizi na leseni juu. Kumbe nchi nyingi digrii ya kwanza haikupi hata ruhusa ya kujiita mwanasaikolojia! Huku ndugu nao wananiita dokta, wananiuliza dozi za dawa za usingizi, nikawa nimechoka kuwaelezea kwamba anayeandika dawa ni yule aliyesoma udaktari kwanza ndo akabobea kwenye magonjwa ya akili, mimi hata panadol siruhusiwi kumwandikia mtu.

Basi nikamaliza, nikatuma maombi miezi 11. Rasilimali watu wanataka waliosomea rasilimali watu, vituo vya unasihi wanataka masta, usaili mmoja jamaa akaniuliza "sasa hivi nawaza nini?" wenzake wakacheka na mimi nikacheka kinafiki maana nilikuwa na shida ya kazi. Nikajitolea mahali kidogo, nauli yangu mwenyewe, tuyaache hayo.

Kazi iliyokuja ilikuwa mkataba wa miezi 3 wa kuzunguka na dodoso kuuliza watu maswali. Nilijiona nimeshuka kweli. Siku ya kwanza nasoma swali la 4, "umefurahia kiasi gani huduma yetu iliyoboreshwa?" nikasema hapana, hapa mtu ameshalishwa jibu kabla hajafungua mdomo. La 7 linauliza kama wahudumu ni wepesi na wana heshima, sasa mtu aliyehudumiwa haraka halafu akafokewa ajibu nini?

Hapo nikamkumbuka mwanasaikolojia Loftus na mwenzake Palmer, ile kazi yao ya 1974 kuhusu maneno ya swali yanavyobadilisha jibu. Waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari kisha wakawauliza yalikuwa yanaenda kasi gani, ila kitenzi wakawa wanakibadilisha. Walioulizwa "yalipopondana" wakakadiria karibu maili 41 kwa saa, walioulizwa "yalipogusana" karibu 32. Filamu zilezile! Darasani nililikariri kwa ajili ya mtihani tu, sasa liko mkononi mwangu.

Nikamwambia msimamizi, kwa woga, tujaribu kwa watu wachache kwanza, nusu waulizwe swali la zamani nusu jipya lisilomlisha mtu jibu, nani anapata lipi tuamue kwa kura ili tusije tukachagua wenyewe. Akakubali nadhani ili ninyamaze. Majibu yakaja tofauti kabisa, wa swali jipya walioridhika walikuwa wachache zaidi, na mteja aliyetulipa hakufurahi hata kidogo, simu zikapigwa wiki nzima nikajua nimejifukuzisha kazi mwenyewe. Ila dodoso lililofuata msimamizi akaniletea mimi niliandike, na data zake nizichambue.

Uchambuzi sasa, hapo ndo kichekesho. Takwimu nilipata sapu jamani, SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, nilikuwa nikiifungua tumbo linauma. Nikarudi kwenye madaftari yangu usiku, nikaanza upya, wastani, mkengeuko sanifu, mpaka regresheni, ile hesabu ya kuona kitu kimoja kinavyoendana na kingine, nikaielewa, safari hii kwa sababu kulikuwa na watu nyuma ya zile namba na nilikuwa nimeongea nao. Mkataba ukaongezwa, ukaongezwa tena, huu mwaka wa 4.

Kuna siku bado naumia, mwenzangu mmoja alipata hela ya masta ana viti vyake viwili na mimi huwa nayawazia yale maisha. Ila juzi nimejaza fomu ya masta na sikujaza ya unasihi, nimejaza ya saikometria, kupima tu na takwimu kwenda mbele. Ile sapu ipo kwenye transkripti, watajionea wenyewe.