Mjusi wa Kimboza Ana Makaratasi Kunizidi

Mwenye nyumba wangu hapa Dortmund amestaafu, watoto wamehama, na chumba kilichokuwa cha binti yake sasa ni cha mijusi. Masanduku ya vioo yamepanda hadi karibu na dari, kila moja na taa yake, na habari za bili ya umeme hataki kuzisikia. Siku nilipomwambia kwetu ni Morogoro alinitolea macho: "Karibu na Kimboza?" Wajerumani wengine huishia Serengeti na Zanzibar.

Kwa msiopajua, Kimboza ni msitu wa hifadhi chini ya milima ya Uluguru, njia ya Matombo, jirani na mto Ruvu. Ni mdogo, kama kilomita nne za mraba. Nimepita hapo tangu utotoni, magoti yamebanwa na ndoo za watu ndani ya basi, nisijue kwamba mle mna mjusi asiyeishi popote duniani nje ya kona ile ya Morogoro. Wataalamu walimwandika tangu 1952. Mimi nimekuja kumjulia Ujerumani.

Ni mdogo kama kidole. Dume ni samawati ya kung'aa, koo jeusi, tumbo la rangi ya chungwa. Jike ana ukijani. Makazi yake ni kwenye mikadi ya porini, jamaa ya ule mkadi ambao dada zetu wa pwani hutungia vikuba. Ndiyo maana wakamataji walikuwa wakiangusha mti mzima ili kuwapata waliojificha juu. Kati ya 2004 na 2009, kundi moja tu la wakamataji linakadiriwa kutoa zaidi ya mijusi 32,000. Tangu 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya waliotoka porini, na huku Umoja wa Ulaya hauzwi bila cheti cha kuthibitisha kwamba kazaliwa kwa mfugaji. Mzee ana faili zima la vyeti vyao. Mimi wakati huo nilikuwa bado nasubiri miadi ya kuongezewa kibali cha kukaa.

Kilichonivuta hasa ni mayai. Jike akikaribia kutaga, shingoni huonekana vivimbe vyeupe. Ni akiba ya kalsiamu ya kutengenezea maganda. Hutaga mawili, kila moja milimita sita hivi, na huyagandisha kabisa ndani ya kipande cha mwanzi. Ukijaribu kuyabandua yanapasuka. Basi mzee huyaacha palepale, akayafunika kwa kikombe cha plastiki chenye matundu, maana wazazi hawa hula watoto wao bila aibu.

Nilimuuliza kama huyageuza, kwa kuwa kwetu ukitotolesha vifaranga kwa mashine lazima ugeuze. Akashtuka. Yai la mjusi, siku moja hivi baada ya kutagwa, kiinitete kimeshajishikiza upande wa juu. Ukiligeuza unaweza kukiua. Ndiyo sababu mayai ya mijusi chui, aina nyingine anayoifuga, yale yenye ganda laini, huyatia alama ya penseli juu kabla ya kuyahamishia kwenye mashine. Kwa hao chui, joto ndilo linaloamua jinsia: nyuzi 27 wengi huwa majike, 32 wengi huwa madume. Mzee hutegesha 27, kwani madume wawili hawakai sanduku moja.

Wa Kimboza hutotolewa baada ya miezi miwili au mitatu. Hulishwa inzi wa matunda wasioweza kuruka, waliopakwa unga wa kalsiamu.

Kwenye soko la Hamm, ambako wafugaji wa Ulaya hukutana mara nne kwa mwaka, nimewasikia wakisema ufugaji huu unamwokoa mjusi. Sikubaliani nao sana. Anayezaliwa Dortmund huuzwa kwa mfugaji mwingine, harudi Matombo. Kule kinachomweka hai ni mkadi uliosimama.

Nilimtumia mama video. Hakuuliza kuhusu rangi wala mayai, aliuliza bei. Nilipomtajia alikaa kimya kidogo, kisha: "Na hawa wa hapa, mwanangu, wananunuliwa?" Nikamjibu kwamba kuwakamata ni kesi, na asithubutu kumtuma mjomba msituni.