Hekaya Inapogeuka Ramani: Kusaka Visanduku Katika Nyika ya Dartmoor

Mwaka 1854, James Perrott, mwongozaji wa wageni kutoka kijiji cha Chagford, aliacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, ndani kabisa ya nyika ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, ili kila aliyefanikiwa kufika atie humo kadi yenye jina lake. Chupa ile ndiyo iliyozaa mchezo wa kusaka visanduku. Siku hizi kinachofichwa chini ya jiwe ni kisanduku chenye daftari na muhuri wa mpira. Msakaji huja na daftari na muhuri wake, akagonga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lake na wake kwenye daftari la kisanduku, kisha akakirudisha palepale na kwenda zake. Wenzetu wa geocaching, mchezo kama huu ulioanza Marekani mwaka 2000, huongozwa na setilaiti. Sisi tumebaki na dira, ramani na fumbo la maneno.

Fumbo hilo ndilo linalonihangaisha kila ninapofuata misako iliyotungwa kutokana na hekaya za Dartmoor. Watungaji wengi huchonga muhuri wa mchawi, wakaandika aya moja ya kutisha, halafu wakamtajia msakaji nyuzi za dira na idadi ya hatua kama ilivyo katika msako mwingine wowote. Hekaya hapo ni pambo tu, kwa kuwa hata ukiifuta yote kisanduku utakipata. Mimi naona msako wa hekaya ni ule ambao asiyekijua kisa hafiki.

Bahati nzuri, visa vya Dartmoor vimeshikamana na ardhi kiasi kwamba mtungaji hana haja ya kuhangaika sana. Hata Cranmere Pool penyewe pana kisa chake: inasimuliwa kwamba mzuka wa Benjie Gear, meya wa Okehampton, ulihukumiwa kulikausha bwawa lile kwa kuteka maji kwa chekecheke. Mzuka ukaokota ngozi ya kondoo, ukaitandika ndani ya chekecheke, ukayamwaga maji yote hadi mji wa Okehampton ukafurika. Anayefika huko leo hukuta bonde dogo la udongo mweusi wa kinamasi badala ya bwawa, kwa hiyo fumbo linalomtuma mtu kwenye “maji yaliyotekwa kwa tundu” linamtosha aliyesikia kisa, na mwenye ramani peke yake atazunguka akitafuta ziwa. (Eneo hilo limo ndani ya viwanja vya mazoezi ya kijeshi, asiyeangalia ratiba ya ufyatuaji risasi na bendera nyekundu vilimani asiende.)

Karibu na Manaton upo mnara wa mawe ya matale uitwao Bowerman's Nose. Bowerman alikuwa mwindaji aliyewavuruga wachawi katika kikao chao, na mmoja wao akajigeuza sungura, Bowerman akamfukuza hadi akachoka, ndipo wachawi wakamgeuza jiwe pamoja na mbwa wake. Mbwa hao, kwa mujibu wa wasimulizi, ni miamba ya Hound Tor, iliyo umbali wa kama kilomita moja na nusu upande wa kusini. Hapo mwelekeo hauhitaji nyuzi hata moja: inatosha kumwambia msakaji asimame alipo bwana na awafuate mbwa. Jirani yake lipo kaburi la Kitty Jay, msichana anayesimuliwa kuwa alijinyonga na kuzikwa njia panda, ambalo halikosi maua mabichi. Hapo sifichi kitu, wala simsifu anayeficha. Kaburi si mahali pa kuchokonoa.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Jan Reynolds, mcheza kamari, kwa sababu kimekuja na njia yake tayari. Tarehe 21 Oktoba 1638 radi ilipiga kanisa la kijiji cha Widecombe watu wakiwa ibadani, ikaua wanne na kujeruhi takriban 60. Hilo ni tukio la kweli. Hekaya inasema haikuwa radi bali Shetani, aliyesimama kwanza kwenye kilabu cha kijiji cha Poundsgate kunywa bia, ikachemka kooni mwake, na fedha alizolipa zikageuka majani makavu. Akafika kanisani, akamnyakua Reynolds aliyekuwa amesinzia na karata mkononi, na walipopita juu ya kilima cha Birch Tor karata zake nne za ree zikaanguka, zikawa viwanja vinne vilivyozungukwa na kuta za mawe, ambavyo bado vinaonekana mtelemkoni.

Poundsgate, Widecombe, Birch Tor: msimulizi ameshapanga vituo kuelekea kaskazini, na mtungaji amebakiwa na kuchonga mihuri. Wangu wa kwanza utakuwa jani kavu, wa pili mnara wa kanisa, na mwishoni kopa, uru, pau na shupaza, kila mmoja kwenye kisanduku chake. Kwa kuwa taratibu za mchezo zinakataza kuficha kitu ndani ya kuta au magofu ya kale, visanduku hivyo vinne itabidi viwe chini ya mawe ya kawaida nje ya viwanja, na kila fumbo limweleze msakaji asimame upande gani wa karata yake.