Ramani ya mifereji ya Mto Ng'ombe kwenye Linux, nilipofikia

Haya wakuu, mradi unasogea. Kwa ambao hamkuwepo, nachora mifereji ya maji ya Dar kuanzia Sinza, Tandale, kushuka na Mto Ng'ombe mpaka unapoingia Msimbazi, kazi yote kwenye laptopu ya kizamani yenye Linux Mint, hakuna programu ya kununua wala ya kukraki.

QGIS, programu ya kuchora ramani, imeingia kwa komandi moja tu, sudo apt install qgis grass, na hiyo GRASS, mwenzake wa kuchambua data za ramani, ni mzee kweli, imeanzia kwa wahandisi wa jeshi la Marekani miaka ya 80 ila bado inapiga mzigo. Kuhariri OpenStreetMap (OSM), ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, nimebaki na programu ya JOSM, Merkaartor nimeionja nikaiacha. Marble, tufe la dunia la kwenye kompyuta, nzuri kumwonyesha dogo dunia inavyozunguka, basi.

Data ya OSM nimechukua Geofabrik, tovuti inayoigawa nchi kwa nchi, faili la Tanzania nzima, bando la usiku likaisha palepale, afu nikalikata kwa programu ya osmium ibaki Dar peke yake maana RAM ya GB 4 ukiipa nchi nzima inagoma. Na aisee Tandale imejaa, nyumba kwa nyumba, vichochoro, mpaka vimifereji, hapo wanafunzi wa UDSM na Ardhi waliozunguka na Ramani Huria, mradi wa kuchora mitaa ya Dar, kuanzia 2015 wapewe maua yao.

Kilichonikesha ni karatasi ya ramani ya zamani ya 1:50,000 niliyoiskani. Kila nikiipandisha juu ya OSM mto unakaa pembeni mamia ya mita, kumbe zile karatasi zimepimwa kwa Arc 1960, msingi wa zamani wa kupimia mahali, na GPS zetu zinasoma WGS 84, msingi mwingine. Kwa hiyo ukiwa Dar, karatasi ya zamani ipe EPSG:21037 (namba ya Arc 1960), mradi wako uweke EPSG:32737 (ya WGS 84), QGIS inahamisha yenyewe.

Miinuko ya SRTM (vipimo vya rada kutoka angani) sasa, hapana. Pikseli moja ni mita 30, kwa Tandale hiyo inameza nyumba kadhaa na mfereji wao, r.watershed, zana ya GRASS ya kukisia njia ya maji, ikanichorea mto unaopita juu ya mabati ya watu. Kwa bondeni bora miguu, yaani QField, ndugu ya QGIS ya kwenye simu, unatembea unaweka nukta maji yanaposimama na unawauliza wenyeji yalifika wapi ukutani. Mjumbe keshakubali, ila kataka twende na barua ya serikali ya mtaa. Ikitoka tu naanzia upande wa Kigogo, kabla masika haijachanganya.