Kulifuata Neno "Paa" Hadi Unguja

Niliondoka Dar es Salaam asubuhi kwa ndege ndogo, nikiwa na nia ya kulisikia neno moja katika vinywa vya watu wanaolitumia katika kazi zao za kila siku. Neno hilo ni "paa". Kamusi hulipa vidahizo kadhaa, yaani maingizo yanayoelezwa peke yake, kila kimoja na namba yake, na mara nyingi nimewasikia wanafunzi wakilalamika kwamba orodha hiyo haikaririki.

Ndege ilipopaa nikawa tayari nimekutana na maana iliyo nyepesi kuliko zote, ile ambayo magazeti yameikopa yakaandika kwamba bei zimepaa. Muda si mrefu Mji Mkongwe ukaonekana chini yetu, mapaa yake ya bati yenye kutu yakiwa yamebanana kiasi cha kuzificha njia zinazopita baina ya nyumba. Mzee aliyekaa dirishani akanionyesha kwa kidole: "Paa lile limeezekwa upya, mwanangu, lakini hayo mengine yanavuja." Hakuna ambaye angemdhania mnyama katika kauli hiyo, kwa sababu "lile", "limeezekwa" na "yanavuja" yana viambishi vya ngeli ya LI-YA, navyo vilikwisha kuifunga maana kabla msikilizaji hajapata nafasi ya kujiuliza. Kwangu mimi upatanisho wa kisarufi ndio ulinzi mkubwa wa lugha hii, na huniuma kuwasikia watu wazima wakiuacha kana kwamba ni pambo.

Sokoni Darajani nilimkuta kijana akiondoa magamba ya changu kwa kisu. Katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, wengi husema "kupara", lakini yeye alisema anapaa samaki, kisha akaniuliza, "Nikupalie na wako, kaka?" Swali hilo lilinifurahisha kuliko yote niliyoyasikia siku ile. Katika kauli ya kutendea, sauti "l" iliyopotea zamani katikati ya irabu mbili hurejea mahali pake: paa huzaa palia, kama vile kaa huzaa kalia, vaa huzaa valia, na zaa huzaa zalia. Kijana yule hakuhitaji somo lolote ili kuitamka sauti ambayo kitenzi chenyewe kimekwisha kuipoteza.

Kutoka mjini nilielekea kusini hadi Jozani, msitu ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004. Huko paa ni mnyama. Yumo paa nunga, ambaye nje ya Unguja hupatikana hasa katika misitu ya pwani ya Kenya, na idadi yake ndogo inatisha. Mwongozaji wetu alinong'ona, "Paa yule, kwenye kichaka," na neno "yule" likatosha kuniambia nitafute kiumbe mwenye uhai, ingawa nilichobahatika kukiona kilikuwa mgongo mwekundu uliotoweka mara moja.

Jioni, katika kijiji kilichoko mbele zaidi, bibi mmoja alichukua kigae akasema, "Ngoja nipae moto," akaenda kuchota makaa yaliyowaka kutoka jiko la jirani. Wengi wetu tunaotumia viberiti tumeisahau maana hii, ilhali tunaendelea kusema kwamba mtu anayejitafutia balaa anajipalia makaa. Msemo umeuhifadhi ule utendaji, pamoja na "l" yake. Nilimweleza bibi safari yangu yote, kuanzia ndege na mapaa ya mjini hadi samaki na mnyama wa Jozani, kisha nikamwuliza kama maana hizo hazimchanganyi. Alinitazama kwa mshangao wa dhati.

"Mjukuu wangu, kwani hilo ni neno moja? Paa wa msituni na moto wangu wana udugu gani?"