Na Hiyo Mingine, Imekwenda Wapi?

Juzi binti yangu alinisomea tangazo la kazi kwenye simu: karani wa forodha, Tanga, umri usiozidi miaka 35. "Mama, kwani mtu akifika 36 anaharibika nini?" Sikumjibu. Nilishamkumbuka Mzee.

Wakati ule bandari yetu ilikuwa inachimbwa, kina kitoke mita 3 kifike 13, ili meli zifunge gatini badala ya kutia nanga nje na mizigo kuvushwa kwa matishari. Neema kwa mji mzima. Kampuni yetu ya uwakala nayo ikasema bandari mpya inataka damu changa, na wa kwanza kuitwa akawa Mzee, aliyenifundisha kuhesabu shehena: vijiti vinne, cha tano unakikatiza juu yake, na jicho lisitoke kwenye winchi hata ukiitwa jina. Marobota ya mkonge aliyahesabu yakiingia tisharini, akayahesabu tena yakipanda melini. Hesabu mbili hizo zikipishana hata kwa robota moja, hatii saini.

Alitoka kwa meneja na bahasha, akaja mezani kwangu. Hakuketi. Miwani yake ilikuwa imefungwa uzi upande mmoja. Akaipandisha, akaishusha, akanipa karatasi.

"Nisomee hapo chini, mwanangu."

Nikasoma. Kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, isizidi miaka 10. Kidole chake, chenye wino wa bluu ukuchani, kikatua juu ya ile kumi.

"Mimi nimeingia hapa 1989."

"Ndiyo, baba."

"Na hiyo mingine, imekwenda wapi?"

Ofisi nzima ilisikia. Meneja alikuwa amesimama mlangoni, naye alisikia.

Kiwango hicho kimo kwenye sheria ya ajira ya 2004, lakini ni cha chini kabisa. Hakuna kinachomzuia mwajiri kuongeza. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa umri wake, na cha 38 kinamtaka mwajiri ashauriane na wafanyakazi kabla ya kumpunguza yeyote. Mzee hakuitwa kikao hata kimoja. Nikamwambia ana siku 30 za kupeleka shauri CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, na nitamsindikiza.

"Nikishinda watanilipa," akasema. "Watanitaka?"

Hakwenda.

Mahali pake waliingia vijana wawili, wepesi wa kompyuta, watoto wenye adabu. Kazi waliihitaji kama alivyoihitaji yeye, na sina kinyongo nao. Ila walikuwa wakikwama kwenye mizigo wanampigia simu kwake Ngamiani, naye anawaelekeza bure, bila kuchoka. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa mpaka leo: kama walimhitaji kiasi hicho, kiti kimoja zaidi ofisini kingeigharimu kampuni nini?